Mgeni wa Chumbani kwa Mama

Somo: Zaburi 139:1-12

Nilipoombwa kuandika juu ya imani nyumbani, nilifikiri nitaandika habari za maombi ya familia, somo ambalo nimewafundisha akina mama kwa miaka mingi. Lakini kila nilipokaa na kalamu lilinijia jambo moja tu, tena jambo ambalo nisingependa lijulikane. Mwisho nikaona afadhali niliandike hilo hilo. Wengi wetu tunalea wazazi wazee, na wengi tuna watoto au ndugu walio mbali ambao msaada wao unatufikia kwa njia ya fedha na vifaa. Pengine yupo atakayejiona humu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mkazi wa Butimba. Mwaka 2021 nilimchukua mama kutoka Kwimba akaja kukaa nami. Alikuwa na miaka 76, na macho yake yalikuwa yanaondoka. Daktari alitueleza kwamba ni glakoma, ile ambayo watu huiita presha ya macho. Inakula mshipa wa jicho polepole bila maumivu, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone tunayompa asubuhi na jioni ni ya kulinda kile kilichobaki. Leo mama anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita, basi.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Texas, Marekani. Ni mtoto mwema, hajawahi kusahau fedha za dawa hata mwezi mmoja. Tabu yake ilikuwa kumpata mama kwenye simu. Simu ikilia mama anaipapasa, mara anaikata badala ya kuipokea. Mimi nikiwa sokoni au kanisani, mwanawe anapiga na kupiga, halafu analala na wasiwasi. Kwa hiyo alipokuja likizo Desemba 2023 alileta boksi, akalifungua chumbani kwa mama. Ndani kilikuwa kifaa kama televisheni ndogo, ukubwa wa Biblia ya mimbarini iliyofunguliwa, chenye spika nyuma na kamera kwa juu. Unakiita kwa jina lake, unakiambia unachotaka, nacho kinajibu kwa sauti ya mwanamke.

Vifaa vya aina hii si vipya kwa wenzetu. Kampuni ya Amazon ilianza kuuza spika yake ya Echo huko Marekani mwaka 2014, na mwaka 2017 ikatoa ile yenye kioo, Echo Show. Google nao wakatoa ya kwao yenye kioo mwaka 2018. Huku kwetu huvioni sana madukani, vingi vinaingia kwenye mabegi ya ndugu. Hiki cha kwetu sitataja ni cha nani, maana nisemayo hapa ni ya nyumba yangu.

Mama aliuliza, "Ni kitu gani hicho?" Mdogo wangu akamjibu, "Ni kama redio, mama, ila hii ukiiita inaitika." Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Basi hiyo si redio, ni mgeni." Jina likabaki hilo. Mpaka leo nyumbani kwetu kinaitwa Mgeni.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Marehemu baba alikuwa na redio ya betri. Wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, majirani walikuwa wakikusanyika uani kwetu jioni kusikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Na MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, ikiwa imekaribia Mwanza, mama alikaa karibu na redio mchana kutwa, maana hakujua kama kuna wa kwetu aliyekuwa ndani ya meli. Redio ilisema, sisi tukasikiliza. Hata tungelia mbele yake, yenyewe haikuwa na habari. Baba alikuwa na sheria moja: wakati wa sala redio izimwe, ili nyumba isikie watu wake.

Mgeni alianza vizuri. Mdogo wangu aliporudi Texas, mama aliweza kumsikia bila kupapasa kitufe chochote. Wajukuu wa kule wakamwimbia nyimbo za shule ya Jumapili, naye akawajibu kwa Kisukuma, wakacheka wote. Tukimwambia Mgeni apige nyimbo, mama alikaa kitandani akizifuata zile za Tenzi za Rohoni, maana kitabu chenyewe hakuweza tena kukisoma. Mara nyingine Mgeni alikosea. Nilimtajia kwaya ya hapa hapa Mwanza, akatuletea muziki wa dansi wa Kizungu wa kutetemesha dirisha, na mama akauliza kama kwaya hiyo imerudi nyuma kiroho. Lakini kwa jumla mama alichangamka. Mtu asiyeona, mchana wake ni mrefu. Mwenye macho hajui jinsi saa tisa alasiri ilivyo mbali na saa kumi na mbili.

Faida nyingine ilikuwa ya matone. Mdogo wangu alimwekea Mgeni ukumbusho wa asubuhi na jioni. Aliuandika kwa Kiswahili, ila Mgeni aliusoma kwa matamshi ya Kizungu, "matone ya macho" ikitoka kama anaisema mmisionari wa wiki ya kwanza. Tulicheka, lakini dozi haikurukwa.

Siku ya tatu tangu kifike, mama aliniuliza, "Mgeni mmeshampa jembe?" Mnaijua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilimjibu kwa utani kwamba anafanya kazi nzuri. Sikuelewa kwamba mama alikuwa ananiuliza swali. Kuna mgeni anayekaa nyumbani bila mtu kumwambia kazi yake ni ipi na mpaka wake ni upi, na huyo mwisho wake ni ugomvi.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo pia nililichukua kama utani. Kila asubuhi, kabla sijamvua mama nguo za kulalia nimwogeshe, alikuwa akiuliza, "Mgeni kalala?" Nami nilijibu, "Kalala, mama," bila hata kugeuza shingo.

Matatizo yalikuja moja moja. La kwanza lilikuwa umeme. Kifaa kile hakina betri, hivyo umeme ukikatika nacho kimekufa. Miezi ile mgao ulikuwa mkali, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024. Mama alikuwa akimwita Mgeni haitiki, halafu umeme ukirudi saa nane usiku kinajiwasha chenyewe na kusema, mama anashtuka. La pili ni intaneti. Bando likiisha, kifaa cha fedha nyingi kinabaki picha ya ukutani.

La tatu lilikuwa lugha. Mgeni hajui Kiswahili, achilia mbali Kisukuma. Mama alimuuliza, "Saa ngapi?" akajibiwa kwa Kiingereza kwamba hakueleweka. Mjukuu wangu akamuuliza kwa Kiingereza, akaambiwa ni saba, ikabidi amfasirie bibi kwamba ni saa moja. Kumbe yule aliyeletwa kumsaidia mama alihitaji mkalimani ili kumsaidia. Simaanishi kwamba lugha yetu haifundishiki kwa mashine. Tangu mwaka 2017 Google imewezesha simu kuandika Kiswahili ukiitamkia, na mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla unakusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili wanaojitolea kusoma sentensi. UNESCO nao mwaka 2021 waliitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ila kifaa kilichokuwa chumbani kwa mama kilikuwa bado hakijafika huko. Mama aliposikia hayo alisema jambo ambalo nimelitumia darasani mara mbili: siku ya Pentekoste, katika Matendo 2, kila mtu alisikia kwa lugha aliyozaliwa nayo. "Mungu hakuwaambia kwanza wajifunze Kiingereza," akasema. "Kisukuma changu cha Kwimba anakielewa hata nikikoroma."

La nne lilikuwa adabu. Watoto walimwamuru Mgeni bila shikamoo wala tafadhali, na Mgeni alitii. Haikupita muda nikamsikia mjukuu wangu akimwambia bibi yake, "Bibi, nyamaza kwanza," kwa sauti ile ile. Mtoto akizoea kuamuru kitu chenye sauti ya mtu, ulimi wake hautengi mtu na kitu.

La tano nililifahamu kwa kichwa lakini halikunigusa. Vifaa hivi masikio yake yako wazi muda wote, vikingoja jina lao. Vikilisikia, au vikidhani vimelisikia, vinarekodi sauti na kuipeleka kwa intaneti kwenye kompyuta za kampuni ili maneno yafahamike. Mwaka 2019 shirika moja la habari la Marekani lilieleza kwamba Amazon ilikuwa na wafanyakazi wanaosikiliza baadhi ya rekodi ili kuifundisha mashine, na kampuni ilikiri kwamba sehemu ndogo ya rekodi ilipitiwa na watu. Mwaka 2023 kampuni hiyo hiyo ilikubali kulipa dola milioni 25 katika shauri kuhusu kuhifadhi sauti za watoto. Hata kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Katiba yetu katika ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake. Haya nilikuwa nimeyasoma. Nilijiambia, sisi wa Butimba, nani ana haja ya kutusikiliza tukizungumza bei ya sato?

Aliyetusikiliza alikuwa wa kwetu.

Ilikuwa asubuhi ya Juni 2024, kama saa kumi na mbili na nusu. Usiku ule sikuwa nimelala. Mama aliniita mara tano. Mara mbili nilibadilisha shuka, na mara moja aliniita kuniuliza kama kumekucha ilhali ilikuwa saa tisa usiku. Asubuhi nikamletea uji. Akaupokea kwa mikono miwili kama kawaida, kikombe kikateleza, uji wote ukaishia kwenye shuka ya tatu, ile ya mwisho iliyokuwa safi.

Naandika nilichosema kama nilivyokisema, kwa sababu nikikipamba nitakuwa nadanganya tena. Nilisema kwa sauti ya juu: "Umenichosha, mama! Sijui Mungu anakuchelewesha hapa duniani kwa nini!"

Kumbe sekunde chache kabla Mgeni alikuwa ametoa mlio mdogo kama wa kengele. Niliusikia, sikuujali. Kisha ikatoka sauti ya mdogo wangu, taratibu: "Dada."

Hakusema lingine. Kule ilikuwa saa nne na nusu usiku, alikuwa anataka kumtakia mama asubuhi njema kabla hajalala. Alikuwa amekiwekea kifaa utaratibu wa kuingia bila kupokelewa, yaani akipiga kinajifungua chenyewe, ili mama asisumbuke. Mimi sikujua kama utaratibu huo upo. Niliuchomoa waya ukutani.

Jioni alinipigia simu. Hata shikamoo aliitamka kwa shida. Akaniuliza, "Dada, ndivyo unavyozungumza na mama siku zote?" Nikamwambia hakuna aliyempa ruhusa ya kunipeleleza ndani ya nyumba yangu. Akasema ni mama yake pia. Nikamwambia, kama ni mama yake basi aje afue shuka. Tulikata simu kwa hasira, hatukuzungumza karibu wiki tatu. Fedha za dawa alizituma kupitia kwa binti yangu. Mgeni nilimfungia kabatini.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu kuongoza maombi ya akina mama, na somo lililopangwa lilikuwa Zaburi 139. Niliisoma mbele ya watu, pale ambapo mtunga zaburi anakiri kwamba Mungu analijua neno kabla halijafika ulimini, na ya kuwa giza kwake ni kama mchana. Nimeisoma zaburi hiyo labda mara mia. Siku ile sauti ilinikatikia. Niliona jambo la kunitia haya kuliko lenyewe lililosikika. Maneno yale hayakuwa ya kwanza. Nilikuwa nimesema mengine ya namna hiyo miezi iliyopita, huku milango imefungwa, na nikaenda kanisani nikainua mikono. Aibu ilinijia pale tu sikio la Texas liliposikia. Mungu alikuwa amesikia yote tangu mwanzo, na mbele zake sikuona aibu. Nilimwogopa mdogo wangu kuliko nilivyomwogopa Bwana. Yesu katika Mathayo 12:36 anatuonya kwamba hata neno la ovyo litatolewa hesabu. Mimi nilikuwa naishi kana kwamba hesabu inaanza pale tu binadamu anaporekodi.

Nilidhani hilo ndilo fundisho lote. Nikatubu kwa Mungu mle kanisani, nikafuta machozi, nikarudi nyumbani. Mdogo wangu bado nilikuwa nimemkasirikia.

Siku chache baadaye mama aliniuliza, "Mgeni yuko wapi?" Nikamjibu, "Ameharibika."

"Usimsingizie mgeni," mama akasema. "Nilisikia mlivyogombana. Kaa hapa."

Nikakaa kitandani. Akatafuta mkono wangu mpaka akaupata. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, lakini siku ile nilikuwa mwanafunzi. Alisema, "Mwanangu, yale maneno, wa kwanza kuyasikia ni mimi. Kabla ya mdogo wako. Nimekaa hapa nangoja uje uniombe radhi mimi, wewe ukaenda kugombana na yeye. Halafu ukaenda kumwomba Mungu. Mimi je?"

Sikuwa na jibu.

Akaendelea, "Na ninyi wote wawili, nani aliniuliza? Yeye alisema nimeleta, wewe ukasema weka hapa. Nani aliniuliza kama nataka kusikilizwa nikilala? Kila siku nakuuliza kama Mgeni kalala, unaniambia kalala. Ulimtazama? Mimi sioni jicho lake linaelekea wapi. Unanivua nguo mbele yake."

Wapendwa, hapo ndipo nilipoelewa lile swali la kila asubuhi. Nilikuwa nimelichukulia kama utani wa mzee. Mama alikuwa anaomba asitiriwe, na mimi nilimjibu bila kugeuza shingo. Mimi na mdogo wangu tuligombania haki zetu, yeye ya kusikia na mimi ya kutosikiwa, na mwenye chumba hatukumkumbuka.

Nilipiga magoti pale pale sakafuni, nikamwomba radhi, kwa ajili ya maneno na kwa ajili ya nguo. Alinishika kichwa kama nilipokuwa mtoto. Akasema, "Nimekusamehe. Hata mimi huwa namuuliza Mungu swali lile lile. Ananichelewesha kwa nini? Bado hajanijibu." Halafu akacheka, nami nikacheka huku nalia.

Usiku ule tulimpigia mdogo wangu kwa simu ya kawaida, tukaweka sauti ya juu. Mimi nilianza, nikamwomba msamaha. Naye akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza tangu mama ahamie kwangu: "Dada, usiku unalala saa ngapi?" Nilimweleza. Mgeni alikuwa amempelekea sentensi moja tu. Usiku ulioizaa sentensi ile hakuupeleka. Sitaki kutumia hilo kama udhuru, neno lilikuwa baya. Lakini kusikia neno la mtu na kumjua mtu ni mambo mawili.

Nimetafakari sana tofauti hiyo. Zaburi ya 115 inazicheka sanamu kwa kuwa zina vinywa na hazisemi, zina masikio na hazisikii. Mtu anaweza kusema, basi hiki kifaa kimezishinda sanamu, maana kinasema na kinasikia. Ni kweli. Ila kusikia peke yake hakutoshi. Hajiri alipokimbilia jangwani kwa kuonewa, katika Mwanzo 16, alimwita Bwana Mungu amwonaye, na jina hilo lilikuwa faraja kwake, hakulitoa kwa kuogopa. Kuonwa na Mungu kulimrudishia nguvu, kwa sababu Mungu aliona na safari yenyewe na mzigo aliobeba. Mashine inasikia ili itekeleze amri na kuhifadhi. Ndugu anasikia kipande. Mungu anasikia neno langu baya saa kumi na mbili asubuhi, na aliniona pia saa tisa usiku nikibadilisha shuka. Ndiyo maana mtunga zaburi, baada ya kukiri kwamba hana pa kujificha, mwishoni anamwomba Mungu aendelee kumchunguza. Hakuna anayeomba hivyo kwa mpelelezi.

Usiku ule mama ndiye aliyempa Mgeni jembe. Masharti yake tuliyaandika kwenye karatasi, nami nayaweka hapa kwa wale ambao wana kifaa kama hiki au wataletewa.

Kwanza, Mgeni atoke chumbani akae sebuleni. Chumba cha kulala na cha kuogea si mahali pa kamera, hata kama aliye upande wa pili ni mtoto wa kuzaa.

Pili, hakuna kuingia bila hodi. Mdogo wangu aliufuta ule utaratibu wa kujifungulia. Sasa akipiga kinalia, na mtu anamwambia karibu. Mama alimkumbusha kwamba hata Bwana Yesu, katika Ufunuo 3:20, anasimama mlangoni na kubisha. "Kama Bwana anapiga hodi, wewe ni nani?"

Tatu, wakati wa sala ya jioni, na wakati wa mazungumzo ya familia, Mgeni azimwe masikio na kufunikwa jicho. Kifaa chetu kina kitufe cha kuzima maikrofoni na kifuniko cha kamera, tulikuwa hatujawahi kuvigusa. Ni ile sheria ya baba ya redio, imerudi.

Nne, rekodi zifutwe. Kwenye mipangilio ya kifaa upo uwezekano wa kuona kilichohifadhiwa na kukifuta. Mdogo wangu anafanya hivyo kila mwezi na kumwambia mama amefanya.

Tano, watoto wakimtuma Mgeni waseme tafadhali. Mgeni hajali, lakini ndimi zao zinazoea.

La sita aliliongeza mdogo wangu mwenyewe. Fedha ambazo angenunulia kifaa cha pili, maana alikusudia kuleta kingine cha jikoni, sasa anamlipa msaidizi anayekuja usiku mara tatu kwa wiki ili mimi nilale. Katika vitu vyote alivyowahi kututumia, huyo ndiye aliyenisaidia zaidi kuzungumza na mama kwa upole. Nasema hivi kwa vijana wetu mlio mbali: kifaa kinaweza kuifikisha sauti yako, lakini hakiwezi kumgeuza mzee kitandani. Kabla ya kutuma sikio, uliza ni mikono mingapi ipo.

Je, nawashauri mvinunue vifaa hivi au mviache? Kwa mzee asiyeona, au mgonjwa asiyeweza kushika simu, nimeona faida kwa macho yangu na siwezi kuikana. Kama nyumba haina intaneti ya uhakika, au kama mzee hasemi Kiingereza na hakuna kijana wa kumfasiria, fikirini mara mbili. Simu ya vitufe vikubwa na jirani mwema vinaweza kufanya zaidi. Na kwa vyovyote, mwenye chumba aulizwe. Mzee akipoteza macho hajapoteza haki ya kusema ndiyo au hapana.

Leo mama ana miaka 80. Jioni, Mgeni akisema kwa Kiswahili chake cha ajabu kwamba saa ya matone imefika, mama anamjibu kutoka chumbani, "Wabeja, Mgeni." Nilimuuliza kwa nini anamshukuru mtu asiyejua asante ni nini. Akaniambia, "Watoto wanasikia. Na wewe unasikia."

Bado kuna asubuhi ambazo uchovu unanipanda mpaka kooni. Zikinijia nakwenda kwanza uani, nakaa kimya dakika moja, namwambia Bwana yale ambayo nilikuwa karibu kumwambia mama. Yeye anaweza kuyabeba. Kisha narudi ndani, napiga hodi mlangoni kwa mama, ingawa nyumba ni yangu, nangoja aseme karibu.

Bwana na aviweke vinywa vyetu katika nyumba zetu, ambako hakuna anayerekodi. Amina.